Bunduki kongwe za kuwindia: dalili, vyanzo vyake na mahali pa kusimama

Wenye bunduki za kuwindia zilizoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wana malalamiko yanayofanana: haikulia, bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) haifunguki, ganda limekatika, zamani ilipiga pale pale na siku hizi inatawanya. Wengi huanza kwa kushuku chuma. Chuma cha Mauser 98 au Winchester 1894 kina magonjwa yake, lakini mara nyingi mkosaji ni kile kilichoingizwa ndani ya chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, shika ganda lililotoka kupigwa ulitazame vizuri. Limeandikwa karibu kila kitu unachotaka kujua.

Chini ya kila dalili nimeanza na vyanzo vinavyotokea sana, vya nadra vikaja mwisho. Paliposemwa simama, simama kweli.

Kabla ya dalili yoyote

Toa risasi zote. Fungua bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole, maana macho hudanganya mahali penye giza. Bunduki za wenzo zenye magazini ya mrija chini ya mtutu zinaweza kubakiza risasi moja hata unapodhani zimekwisha, basi endesha wenzo mara kadhaa zaidi ukitazama.

Kisha jiulize: hii ni risasi ya bunduki hii? Swali linaonekana la kitoto, lakini risasi za zamani zina majina yanayofanana kama ya watoto pacha. Chukua 8x57. Ile ya mwanzo, ya I, ina kichwa (kile kipande kinachoruka) cha unene wa inchi .318. Ile iliyokuja baadaye na kuitwa S ina kichwa cha inchi .323, na shinikizo lake ni kubwa zaidi. Zote mbili zaweza kuingia chemba moja. Ukipiga ya S katika mtutu wa I, unalazimisha kichwa kinene kupita njia nyembamba, na bunduki nyingi za Kijerumani za mwanzoni mwa karne iliyopita zina mitutu ya I.

Mtego mwingine uko kwa Waingereza. Mwaka 1898 John Rigby alitoa .450 Nitro Express, ya baruti ya nitro isiyo na moshi na yenye nguvu zaidi, akitumia ganda lile lile la inchi 3¼ lililokuwa la baruti nyeusi. Maana yake bunduki ya baruti nyeusi inaipokea risasi ya nitro bila kulalamika, mpaka traiga ivutwe. Vivyo hivyo .450/400 ina urefu tofauti, inchi 3 na inchi 3¼, na haziingiliani. .375 H&H (ya Holland & Holland) ipo yenye mkanda, pete nene karibu na kitako cha ganda, kwa bunduki za bolti, na ipo yenye ukingo kwa zile za mitutu miwili. .303 British na .303 Savage hazina uhusiano zaidi ya tarakimu. Afadhali .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser kwa jina jingine.

Maandishi ya juu ya mtutu ni mwanzo mzuri, lakini si ushahidi kamili, kwa sababu mitutu mingi ilitobolewa upya na mafundi wa kila aina katika miaka mia iliyopita. Tafuta alama za majaribio. Bunduki za Kiingereza hupigwa mhuri London au Birmingham, na zilizojaribiwa kwa nitro mara nyingi zina herufi NP. Kama shaka imebaki, fundi bunduki amimine madini laini ndani ya chemba, atoe umbo lake na kulipima. Usipige risasi hata moja kabla ya hapo.

Pini inapiga, risasi hailii

Kwanza usifungue bolti. Weka mdomo wa mtutu ukielekea palipo salama na ungoje. Kwa risasi za kisasa angalau sekunde 30. Kwa zilizokaa ghalani miongo mingi, ngoja dakika nzima au zaidi. Baruti iliyolala muda mrefu huweza kuchelewa kuwaka, na bolti iliyofunguliwa wakati huo inakuwa mlango wa gesi kuja usoni. Ukifungua, geuza uso pembeni. Halafu tazama fataki, kile kidonge kidogo katikati ya kitako cha ganda kinachopigwa na pini.

Alama ikiwa ya kina kidogo, kama imeguswa tu, chanzo cha kwanza ni mafuta yaliyoganda ndani ya bolti. Hii ndiyo hitilafu ninayoiona kuliko zote. Mtu alimwaga mafuta mengi kabla ya kuihifadhi, mafuta yakageuka gundi, na pini sasa inatembea kama ndani ya asali. Baridi huzidisha. Vua bolti kwa utaratibu wa aina yake, osha kila kipande kwa mafuta ya taa au kiyeyushio, kausha kabisa, kisha paka mafuta kidogo mno. Watu hawaamini jinsi tiba hii inavyoponya, wanatafuta ugonjwa mkubwa zaidi.

Ukishaosha na alama bado ni dhaifu, springi imechoka. Springi hubadilishwa. Kuivuta ili irefuke ni kujidanganya, itarudi ilipokuwa baada ya siku chache. Nadra zaidi ni pini iliyovunjika ncha au kufupishwa na mkono wa mtu, au chemba iliyolegea kiasi kwamba risasi inasogezwa mbele na pini badala ya kupigwa. Hizi mbili za mwisho ni za fundi.

Alama ikiwa ya kina na ya katikati, bunduki haina kosa. Risasi imekufa. Usiipige mara ya pili na ya tatu kwa matumaini. Iweke kando pamoja na wenzake wa sanduku hilo.

Kuna ndugu wawili wa dalili hii. Wa kwanza ni risasi inayolia kwa kuchelewa, tik, kisha mlio. Hata kama ilipiga shabaha, sanduku zima limestaafu kuanzia hapo. Wa pili ndiye wa kuogopwa: mlio hafifu, teke dogo lisilo la kawaida. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya kasiba. Simama. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu hutuna au kupasuka. Toa bolti, tazama mwanga kutoka nyuma. Usipouona mwanga, bunduki inaenda kwa fundi kama ilivyo, na usijaribu kukisukuma kichwa hicho kwa kukipiga risasi nyingine.

Bolti nzito

Hapa tofautisha kwanza: ni nzito kufunga au kufungua? Anayehama kutoka Mauser kwenda Lee-Enfield hudhani amenunua bunduki mbovu, kwa kuwa Lee-Enfield hujikoki wakati bolti inafungwa na sehemu ya mwisho lazima uisukume. Mauser 98 hujikoki inapofunguliwa. Pia bolti ya 98 ikivutwa nyuma hulegea na kuchezacheza. Ni tabia yake tu, na ikifungwa hukaa imara.

Nzito kufungua *baada ya kupiga* ni habari nyingine. Angalia ugumu uko wapi. Kama mkono wa bolti unainuka vizuri lakini kuvuta nyuma ndiko kugumu, ganda limeng'ang'ania kuta za chemba. Mara nyingi ni grisi ya ghalani iliyokauka humo. Ile ya kijeshi, nzito na ya kahawia, hukaa miaka. Brashi ya chemba na kiyeyushio huitoa. Isipotosha, basi kutu ilishachimba mashimo, na shaba ya ganda inajibana ndani yake. Tazama ganda: utaona vijipele au mikwaruzo mahali pale pale kila mara. Usisugue chemba kwa msasa. Chemba iliyopanuliwa hairudi.

Kama ugumu uko kwenye *kuinua* mkono wa bolti, shuku shinikizo. Geuza ganda: fataki imelala bapa hadi kujaa shimo lake? Kuna duara au mstari unaong'aa kwenye uso wa nyuma? Vyanzo, kwa mpangilio: risasi isiyo yake, risasi zilizojazwa na mtu kwa mkono kupita kiasi, risasi zilizokaa juani au ndani ya gari lililofungwa. Hilo la joto wengi hulipuuza. Cordite, baruti ya nyuzinyuzi ya Waingereza, hupandisha shinikizo joto likizidi, ndiyo maana watengenezaji wao waliuza risasi za nchi za joto zenye cordite iliyopunguzwa. Risasi iliyotengenezwa kwa majira ya baridi ya Uskoti ikipigwa baada ya kuoka juani ina tabia nyingine kabisa.

Simama baada ya ganda la kwanza la namna hii. Si la tatu. Na kama bolti imekataa kabisa, usiipige kwa nyundo wala kukanyaga mkono wake. Huenda meno ya bolti yameshabonyeza makalio yake ndani ya mwili wa bunduki. Dalili ya jambo hilo ni kwamba hata bila risasi, bolti ikifunguliwa unahisi kama inatoka kwenye kishimo. Bunduki ya hivyo imekwisha kazi mpaka fundi aseme vinginevyo, na mara nyingi hasemi vinginevyo.

Ganda linapasuka au kukatika

Mahali ganda lilipopasuka ndipo penye jibu.

*Shingoni.* Ufa mdogo wa urefu, mara nyingine upo hata kabla ya kupiga. Chanzo ni uzee wa shaba ya ganda ikiwa bado ina mkazo wa kiwandani. Ugonjwa huu ulijulikana India wakati wa utawala wa Waingereza: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe msimu wa mvua ulipofika. Maelezo yalikuja kukamilika mwaka 1921, kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ulikuwa ukila shaba iliyo katika mkazo. Farasi wamepungua, lakini amonia ipo ndani ya viyeyushio vingi vya kuondoa shaba mtutuni. Usiweke chupa hiyo kabati moja na risasi zako. Risasi zenye nyufa za shingo zitenge zote. Na ikiwa fataki zake ni za zebaki, ganda lililokwisha kupigwa pia halifai kujazwa tena, kwa kuwa zebaki huifanya shaba iwe kavu na ya kuvunjika.

*Ubavuni kwa urefu.* Ganda zee, au chemba pana. Ikitokea kwa risasi mpya za viwandani, chemba inahitaji kupimwa.

*Duara lote, juu kidogo ya sehemu ya nyuma.* Hili ndilo la kuchukulia kwa uzito. Kabla ya kukatika utaona mstari unaong'aa ukizunguka ganda. Pinda ncha ya waya mwembamba, ingiza ndani ya ganda tupu, kokota kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye mfereji usioonekana kwa nje, ganda hilo linakaribia kugawanyika vipande viwili. Maana yake kuna nafasi nyingi mno kati ya uso wa bolti na pale risasi inapoegemea.

Risasi huegemea mahali tofauti: .303 na .30-30 kwa ukingo, .30-06 na 7x57 kwa bega (pale ganda linapoanza kuwa jembamba), .375 H&H ya mkanda kwa ule mkanda. Lee-Enfield ina sifa mbaya kwa dalili hii, na nusu ya sifa hiyo haistahili. Chemba yake ya kivita ilitengenezwa kwa uwazi ili ipokee risasi zenye matope, kwa hiyo ganda hunyooka mbele ya ukingo hata bunduki ikiwa nzima, na anayejaza ganda lile lile tena na tena hulichosha. Nusu ya pili ni ya kweli. Bolti zilibadilishwa ovyo ghalani. Linganisha namba ya bolti na ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, bunduki haipigwi mpaka ipimwe kwa geji. Lee-Enfield No. 4 ina vichwa vya bolti vyenye namba 0 hadi 3, kila namba ndefu zaidi kidogo, na kuchagua kinachofaa ni kazi ya mwenye geji mkononi. Kununua namba 3 kwa kubahatisha si ukarabati.

Nusu ya mbele ya ganda ikibaki ndani ya chemba, kuna kifaa maalumu cha kuchomolea. Bisibisi itakwaruza chemba.

*Gesi usoni, fataki imetoboka au kung'oka.* Simama. Mauser 98 ina matundu ya kupitishia gesi na ukuta kwenye bolti unaoikinga sura yako. Wakongwe wengine hawana kinga hiyo ya kutosha. Hapa pia niseme kuhusu Springfield 1903: zile zenye namba chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zilichomwa chuma kwa wafanyakazi kukadiria joto kwa macho, na nyingine zilitoka na chuma kikavu kinachovunjika kama kigae. Huwezi kuitambua mbovu kwa kuitazama. Ushauri wangu: itundike ukutani, usiipige. Krag-Jørgensen, bunduki nyingine kongwe ya bolti, ina jino moja tu la kufungia bolti, na jino hilo huota nyufa. Fundi alikague kwa rangi ya kufichua nyufa kabla ya msimu.

Risasi haipandi vizuri kutoka magazini

Mara nyingi midomo ya magazini imepinda au springi yake imechoka. Kinachofuatia, mtu aliwahi kuigeuza bunduki kutoka risasi moja kwenda nyingine bila kurekebisha njia ya kupandia.

Mannlicher-Schönauer ya 1903 ni mfano mzuri wa bunduki isiyopenda mabadiliko. Magazini yake ya kuzunguka ilichongwa kwa risasi ya 6.5x54 yenye kichwa kirefu cha mviringo, cha gramu 10 na kidogo. Mpe kichwa kifupi chenye ncha, atakataa kupandisha, na hata akipandisha, shabaha itakuwa ovyo kwa sababu koo la mtutu, sehemu iliyo mbele tu ya chemba, ni refu. Tafuta kichwa chake cha asili kabla ya kulaumu magazini.

Kwa Mauser 98, usidondoshe risasi moja kwa moja ndani ya chemba halafu ukafunga bolti kwa nguvu. Kucha yake ndefu ya kuchomolea imeundwa ishike ukingo wa ganda linapotoka magazini. Kuilazimisha ipande juu ya ukingo ndiko kunakovunja ncha yake. Ukiona ganda linaachwa chembani mara kwa mara, anza kwa kuosha chini ya kucha, kisha itazame ncha.

Bunduki za wenzo zenye magazini ya mrija, kama Winchester ya 1894 ya .30-30: vichwa viwe bapa. Ncha kali ya chuma ndani ya mrija inakaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake, na teke likija, huo ni msumari.

Shabaha imepotea

Usirekebishe saiti ya kulengea wala darubini kabla ya kupita hatua hizi kwa utaratibu. Wengi huanza mwisho.

Anza na skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye mbao. Mbao hukauka na kusinyaa, na skrubu iliyokuwa imebana inazunguka kwa vidole. Tumia bisibisi iliyochongwa itoshe mfereji sawasawa, maana vichwa vya skrubu vilivyochubuka hupunguza heshima ya bunduki nzuri kuliko kutu. Fuata na vishikio vya darubini. Bunduki nyingi kongwe zilitobolewa baadaye ili zipokee darubini, na kazi nyingine zilifanywa vibaya, mashimo yasiyonyooka, skrubu mbili zinazoshika kwa uzi mmoja na nusu.

Halafu safisha mtutu kweli kweli. Sio vitambaa viwili. Shaba hujipaka tabaka juu ya masizi na masizi juu ya shaba, na mtutu wa miaka themanini waweza kuwa na tabaka nyingi za namna hiyo. Kiyeyushio, ngoja muda ulioandikwa kwenye chupa, brashi, kitambaa, rudia mpaka rangi ya buluu iishe. Usikiache usiku kucha. Watu kadhaa wametupa mitutu waliyodhani imekufa, kumbe ilikuwa michafu tu. Kinyume chake pia hutokea: uchafu ndio uliokuwa umejaza mashimo ya kutu, na baada ya kusafisha bunduki hutawanya zaidi. Basi angalau sasa umejua ukweli.

Baada ya usafi, kagua mdomo wa mtutu. Bunduki zisizofunguka kwa nyuma zilisafishwa miaka yote kupitia mbele, na fimbo ya chuma ikala mifereji upande mmoja. Bunduki ikiwa tupu, ingiza mdomoni kichwa cha risasi kisicho na ganda: kikizama mpaka karibu na sehemu yake ya kushikiwa na ganda, pamekwisha. Fundi anaweza kukata kidogo na kuunda mdomo upya, kazi ndogo yenye matokeo makubwa. Tatizo likiwa upande wa pili, kooni, hapana tiba rahisi. Cordite huwaka kwa joto kali na ilikula makoo ya mitutu mingi ya .303. Kwa mitutu iliyopanuka hivyo, vichwa vyenye kitako bapa hushika mifereji vizuri kuliko vilivyochongoka nyuma. Jaribu hivyo kabla ya kuwaza mtutu mpya.

Matundu ya kulala ubavu kwenye karatasi, kama ya funguo, yana maana moja: kichwa hakizungushwi ipasavyo. Ama ni chembamba kwa mtutu huo, ama ni kirefu mno kwa mzunguko wa mifereji yake, ama mtutu umekwisha.

Bunduki ya mitutu miwili: mapigo yametengana

Bunduki hizi ni jamii ya peke yake. Mitutu iliunganishwa kwa mkono, ikapigwa, ikapashwa, ikasogezwa, mpaka risasi za kulia na kushoto zikaangukia pamoja kwa aina *moja* ya risasi. .470 Nitro Express, kwa mfano, ilipangwa kwa kichwa cha gramu 32 hivi kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 655 kwa sekunde. Badilisha uzito au kasi, umevunja mapatano.

Kanuni ya haraka: wa kulia ukipiga kulia na wa kushoto kushoto, risasi ina kasi ndogo, inakaa mtutuni muda mrefu huku teke likigeuza bunduki nje. Yakivukana, kasi imezidi. Kwa hiyo rudi kwenye risasi ya asili kabla ya mtu yeyote kugusa kabari kati ya mitutu. Kuunganisha upya ni kazi ya wachache sana, na asiyeijua huiharibu bunduki moja kwa moja.

Mitutu yote miwili ikilia kwa mvuto mmoja, chanzo cha kawaida ni kidole: teke linaurudisha mkono na kidole kinagonga traiga ya nyuma. Badilisha mshiko, piga mtutu mmoja mmoja ukiwa na risasi moja tu ndani. Ikiendelea, ni meno ya mtambo yaliyolika, na hapo simama. Vivyo hivyo toa mbao ya mbele, funga bunduki, itikise: ukisikia mchezo, au ukaona mwanga kati ya mitutu na uso wa nyuma, imelegea na haipigwi.

Traiga na sefti

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi. Bunduki *tupu*, koki, weka sefti, vuta traiga kwa nguvu, achia, kisha ondoa sefti bila kugusa traiga. Pini ikidondoka, au ikidondoka unapogonga kitako sakafuni, simama. Osha uchafu kwenye mtambo wa traiga, jaribu tena, na ikirudia ni ya fundi. Usinoe meno ya traiga. Ngozi ngumu ya chuma hapo ni nyembamba mno, na ukishaipita, chuma laini kitalika kila siku.

Kitako kimepasuka

Ufa nyuma ya mwili wa bunduki, pale mkono unaposhika, unasababishwa zaidi na skrubu zilizolegea: chuma hurudi nyuma kwa teke na kuipasua mbao kama kabari. Kaza kwanza, ndipo utibu ufa. Sababu ya pili ni mafuta. Bunduki iliyosimamishwa kabatini mdomo juu kwa miaka huchuruzisha mafuta mpaka ndani ya mbao, na mbao hiyo inakuwa nyeusi, laini kama sponji, na gundi haishiki. Lazima mafuta yanyonywe kwa unga wa chokaa na joto la taratibu, rudia mpaka unga ubaki mweupe.

Nywele ya ufa fundi seremala mzuri anaiweza kwa epoksi na pini iliyofichwa. Kwa bunduki ya .375 kwenda juu, mbao ya nyuma ya kinga ya teke (jino la chuma linalopokea teke) lazima iwe imara na iguse chuma sawasawa, kwa hiyo mpe fundi bunduki, sio seremala.

Kutu inarudi kila ukisafisha

Kama ulitumia risasi za zamani, hasa za kijeshi, fataki zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayayeyushi chumvi hata uyamwage debe zima. Maji huyeyusha. Mimina maji ya moto kupitia chemba, osha pia uso wa bolti, kausha mpaka kukauka kweli, *kisha* mafuta, siku ile ile ya kupiga. Jeshi la Marekani liliachana na fataki hizo mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchi nyingine ziliendelea baada ya hapo. Fataki za Berdan, zenye matundu mawili madogo ndani ya ganda, watu huzihesabu zote kuwa za chumvi. Sivyo, lakini ukiwa na shaka, maji hayana madhara.

Unapompelekea fundi

Peleka bunduki tupu na bolti yake, na ufuate masharti ya kibali chako kuhusu kuisafirisha. Lakini usisahau maganda. Yafunge yale yaliyopasuka, na matatu au manne yaliyotoka salama, pamoja na risasi chache ambazo hazijapigwa za sanduku hilo hilo na boksi lake. Kwenye ganda andika kwa kalamu ya wino ni la ngapi na lilitoka mtutu upi. Usiyasafishe, na usiyanyooshe yaliyopinda. Mwambie fundi nini kilibadilika kabla ya dalili kuanza: risasi mpya, darubini mpya, bolti iliyovuliwa, miaka ghalani. Fundi asiyeomba kuona maganda, akachukua bunduki na kukuambia urudi wiki ijayo, mtafute mwingine.